Kutoka Bukavu kwa Basi: Namna ya Kutembea Vilima na Mito ya Kabare na Kurudi Kabla ya Giza

Mtu akisimama Nguba au Muhumba, mitaa ya Bukavu, asubuhi isiyo na ukungu, huona mbele yake ziwa Kivu, upande mmoja mto Ruzizi ukianza safari yake ya kwenda Tanganyika, na nyuma ya mji vilima vya Kabare vikipandana hadi kwenye mlima Kahuzi wenye urefu wa mita 3,308. Wakazi wengi wa Bukavu huviona vilima hivyo tangu utotoni bila kuvikanyaga hata siku moja, kwa kudhani kwamba matembezi ya namna hiyo yanadai gari la kukodi na vifaa vya gharama. Ukweli ni kwamba nauli ya basi ya kwenda na kurudi, viatu vinavyoshika udongo na siku moja iliyopangwa kwa uangalifu vinatosha kabisa.

Jambo la kwanza ambalo ningependa msomaji alishike ni kwamba vijia vya vilima vyetu ni njia za kazi. Vimechongwa na miguu ya akina mama wanaoshuka alfajiri na mihogo, ndizi, maharagwe na makaa migongoni, na ya watoto waendao shule na kisimani. Njia hizo zina saa zake: kuna saa zinapojaa watu na saa zinapobaki tupu, kuna siku magari yanapokuwa mengi barabarani na siku yanapoadimika. Anayetaka kutembea kwa raha na usalama apange saa zake kwa kufuata saa za hao wenye njia. Karibu kila shauri nitakalotoa hapa linatokana na hilo.

Kuchagua siku na kuulizia hali

Siku bora ni siku ya soko ya sehemu unayoiendea. Siku hiyo magari huenda na kurudi mara nyingi, vijia vina watu tangu alfajiri hadi alasiri, na ukipotea hutakaa dakika kumi bila kukutana na mtu wa kumwuliza. Kila soko la barabara ya kaskazini lina siku zake, na njia rahisi ya kuzijua ni kuwauliza wauzaji wa soko la Kadutu mjini wanaonunua bidhaa zao huko. Jumamosi asubuhi kuna salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, kwa hiyo usitarajie kuondoka mapema. Jumapili magari huwa machache, na wengi wanaotembea ni watu wanaokwenda kusali au kurudi. Ni siku nzuri kwa matembezi mafupi, lakini jioni yake haiaminiki kwa usafiri.

Kuhusu majira, miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya kiangazi, udongo ni mkavu na miguu haitelezi, ingawa mara nyingi vumbi na moshi wa mashamba huficha mandhari. Kuanzia Septemba hadi katikati ya Mei mvua hunyesha, na mara nyingi hujikusanya mchana. Mimi napenda zaidi asubuhi zinazofuata usiku wa mvua, kwa kuwa hewa huwa imeoshwa na Kahuzi huonekana wazi hadi msitu wake. Lakini siku kama hiyo hunidai niwe nimemaliza sehemu ya juu kabla ya saa sita.

Lipo pia suala ambalo hakuna mwongozo wa kweli unaoweza kuliruka. Vita viliingia Bukavu Februari 2025, na hata kabla ya hapo vikundi vyenye silaha vilikuwa vikizunguka baadhi ya sehemu za juu za Kabare, Walungu na Kalehe. Kwa hiyo usiondoke nyumbani kabla ya kuzungumza, siku iliyotangulia, na mtu anayelala huko unakokwenda: mwalimu, mwuguzi, jamaa, au mfanyabiashara aliyeshuka asubuhi hiyo. Mtu aliyesikia tu kwamba «kuko salama» hatoshi. Jibu likiwa na mashaka, ahirisha; kilima kitakungoja. Chukua kadi yako ya mpiga kura au kitambulisho kingine, kwa sababu bariere, yaani vizuizi vya barabarani, ni nyingi, na ufikapo kijijini jitambulishe kwa shefu au kwa nyumbakumi kabla hujaanza kupanda. Usipige picha za askari, bariere, madaraja wala mitambo. Ukiona kitu cha chuma usichokifahamu kandokando ya njia, usikiguse wala kukitupia jiwe: rudi kwa kufuata nyayo zako zilezile, kisha umwambie mtu mzima wa karibu. Na kwa ajili hiyohiyo usiache kijia kilichokanyagwa na watu ili kukata njia porini.

Ndani ya basi

Magari ya kwenda Kavumu, Miti na Katana hufuata barabara ya taifa namba 2 kuelekea kaskazini. Yaliyo mengi ni mabasi madogo ambayo hayana ratiba ya kuondoka: gari huondoka likijaa, na kujaa maana yake ni watu wanne kwenye kiti cha watatu. Fika parkingi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa saa hiyo magari yanayoingia mjini ndiyo yaliyobanana mizigo, lakini yanayotoka hujaa polepole, kwa hiyo ukichelewa hata kidogo ukakosa gari linaloondoka, unaweza kukalia kiti cha linalofuata kwa saa nzima likiwa bado limesimama. Uliza nauli kwa abiria aliyeketi kabla ya kumwuliza anayeipokea, na uwe na noti ndogo za franka, kwa sababu chenji ya asubuhi ni shida.

Mwenye kuchagua kiti akae upande wa kulia, maana ziwa liko mashariki na litamfuata sehemu kubwa ya njia. Milima itakuwa kushoto. Mfuko uwe mdogo kiasi cha kukaa mapajani. Mweleze dereva mapema jina la njia panda utakayoshukia, kisha mkumbushe tena mnapokaribia, kwani jina moja huweza kubeba sehemu ndefu ya barabara. Kabla gari halijaondoka baada ya kukushusha, mwulize yule anayepokea nauli swali moja la thamani kuliko yote: «Kaka, gari ya mwisho ya kurudi Bukavu inapita hapa saa ngapi?» Kisha mwulize mama anayeuza ndizi hapohapo barabarani swali lilelile. Majibu yakitofautiana, chukua la saa ya mapema.

Kuhesabu siku kuanzia mwisho wake

Saa hiyo ya gari la mwisho ndiyo msingi wa hesabu yote. Tuseme umeambiwa kwamba baada ya saa kumi alasiri magari huadimika. Basi lengo lako ni kuwa barabarani saa tisa. Ukiwa umeshuka garini saa tatu asubuhi, una saa sita. Toa saa moja ya kula na kupumzika, toa nyingine ya akiba kwa ajili ya mvua au kupotea, na zinabaki saa nne za kutembea kwelikweli.

Kwa mtu wa kawaida, kilomita nne kwa saa ni mwendo wa haki kwenye njia nzuri. Kisha ongeza nusu saa kwa kila mita 300 za kupanda. Kilomita tatu zenye mpando wa mita 150 zitachukua dakika 45 za mwendo na dakika 15 za mpando, yaani saa moja. Kushuka kwenye udongo uliolowa huchukua muda uleule wa kupanda, na wengi hukosea hapo hasa, kwa kudhani kwamba kurudi ni rahisi. Kwa hiyo gawa saa zako nne katikati: saa mbili zikiisha geuka, hata kama kilele kinaonekana mbele yako.

Niliwahi kukaidi hesabu hiyo. Mimi na binamu yangu tulikawia juu kwa sababu mandhari yalitushika, tukateremka giza likiingia, na tulipofika barabarani palikuwa na mbwa na mwanga wa taa moja tu. Mzee mmoja alitoka nyumbani, akatutazama viatu, akasema: «Ingieni, wanangu, gari mmeliacha.» Tulilala kwake, na mkewe akatupikia sombe ambayo hakuwa ameipanga. Tangu siku hiyo natembea na saa mkononi, kwa kuwa simu huisha moto, yaani chaji, na sikubali tena kulipisha familia nyingine gharama ya uzembe wangu.

Kupanda na kushuka

Udongo wa Kabare ni wa mfinyanzi, mwekundu, unaoshika vizuri ukikauka na kuteleza kama sabuni ukilowa. Viatu vya mazoezi vilivyoisha soli ni hatari kuliko buti za plastiki wanazovaa wakulima. Viatu vya mitumba vyenye meno marefu hupatikana katika soko la Kadutu kwa mwenye subira. Chagua vinavyoacha nafasi ya kidole kimoja mbele, vinginevyo kucha zitaumia wakati wa kushuka.

Namna ya kutembea, hata hivyo, sikufundishwa na viatu. Nilijifunza kwa kumfuata mama mmoja aliyekuwa akishuka na gunia la makaa, kamba yake ikipita kwenye paji la uso, mikono yote miwili ikiwa imeishika kamba karibu na masikio. Hakushuka moja kwa moja hata pale kijia kiliponyooka. Alikata ubavu wa mteremko, hatua tano kulia, hatua tano kushoto, miguu imewekwa upande badala ya vidole kuelekezwa chini, magoti yamekunjwa kidogo, na kila hatua ilikuwa fupi kuliko unyayo wake. Pale udongo ulipong'aa alikanyaga pembeni, kwenye mizizi ya majani. Hakusimama mahali popote palipomchosha. Alisimama mahali palipo na ukingo wa urefu wa kiuno, akaegemeza gunia bila kulishusha, akavuta pumzi kumi hivi, akaendelea. Nilijaribu kumfuata kwa hatua zangu ndefu za mjini na nikaanguka mara mbili. Nilipoanza kuiga hatua zake sikuanguka tena, na magoti hayakuniuma kesho yake.

Jambo moja la adabu linahusu mizigo hiyo. Ukikutana na mtu aliyebeba, wewe ndiye wa kutoka njiani, na utoke upande wa bonde umwachie upande wa mlima. Msalimie kwanza: «Jambo, mama.» Mshukuru kwa Kimashi, lugha ya huko, *koko*, akikuelekeza. Usipite katikati ya maharagwe au mtama wa mtu ili kufupisha kona, na usivune hata ndizi moja iliyoangukia njiani.

Radi lazima ichukuliwe kwa uzito. Mashariki ya Kongo ni mojawapo ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, na mgongo wa kilima usio na miti ni mahali pabaya pa kukutwa nayo. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu upate kilomita. Hesabu ikishuka chini ya sekunde 30, ondoka kwenye mgongo wa kilima uteremke. Usijifiche chini ya mkaratusi uliosimama peke yake. Nyumba ya mtu ndiyo kimbilio, na sijawahi kuona mlango ukifungwa kwa mtu anayekimbia mvua.

Kando ya mito

Mito inayoshuka kutoka milima ya Kahuzi kwenda Kivu, kama Lwiro na Cirhanyobowa, ni mifupi na ya kasi. Mvua ikinyesha juu milimani, maji hufika chini kwa muda mfupi, hata kama mahali uliposimama jua linawaka. Tarehe 4 Mei 2023 mito ya Kalehe, kaskazini ya Kabare, ilifurika ghafla ikafunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 wakapoteza maisha. Walikuwa watu wa hapo, wanaoijua mito yao. Mgeni wa siku moja hana sababu ya kujiona anajua zaidi.

Dalili za kutazama ni hizi. Maji yaliyokuwa maangavu yakianza kuwa ya kahawia, yakileta majani mabichi na vijiti, au mawe uliyoyaona yakiwa makavu yakianza kufunikwa, ondoka mtoni ukipanda juu, kwa kukata ubavu wa bonde, wala usikimbie kufuata mto. Ukifika, chagua jiwe moja la kando kama alama na ulitazame kila baada ya dakika chache. Usitandike chakula kwenye kisiwa cha mchanga, hata kama ndipo penye kivuli kizuri. Madaraja ya magogo huvukwa na mtu mmoja mmoja, na kama gogo limelowa keti juu yake uvuke kwa kusogea; hakuna aibu katika hilo, na watoto wa huko hufanya vivyo hivyo.

Sehemu za maji yaliyotulia, pembezoni mwa mito ya chini na ufukweni upande wa Katana, zina konokono wanaobeba kichocho. Kunawa uso na miguu kufanyike kwa maji ya chupa au pale maji yanapokwenda kwa kasi juu ya mawe, wala usiyanywe bila kuyachemsha. Chukua lita mbili zako mwenyewe. Mandazi, ndizi mbivu na karanga hutosha kwa chakula cha njiani, ukijua kwamba sambaza za kukaanga zitakungoja mjini.

Safari ya kuanzia: Lwiro

Kwa mtu ambaye hajawahi, namshauri Lwiro. Shuka garini kati ya Kavumu na Katana, kwenye njia panda inayopanda upande wa kushoto, na ufuate barabara pana ya udongo. Si kijia cha kupotea. Pikipiki, wanafunzi na watafiti huipita siku nzima, na mpando wake ni wa taratibu. Lwiro iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa ziwa uko kwenye mita 1,460 hivi, kwa hiyo unapogeuka kutazama nyuma, mashamba, barabara na maji vimepangana chini yako kama ngazi.

Juu utakuta majengo makubwa ya kituo cha utafiti, ambacho mizizi yake ni taasisi ya kisayansi iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947. Karibu na hapo wanatunzwa sokwe walionusurika mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara. Kuingia ndani kunahitaji ruhusa, kwa hiyo omba mlangoni kwa utaratibu, na ukikataliwa usibishane. Kupumzika tu nje, chini ya miti iliyopandwa zamani, kunatosha kuilipa safari. Hapo ndipo mahali pa kugeukia. Ukitaka kushuka kwa njia nyingine kufuata bonde la mto Lwiro, mwombe kijana wa hapo akuongoze, mpatane malipo kabla ya hatua ya kwanza, na mwambie kwamba lazima mtokee kwenye barabara kuu. Matembezi yoyote yanayoishia barabarani yana mlango wa kurudia nyumbani; yanayoishia bondeni hayana.

Katika safari ya pili unaweza kushuka Katana na kuulizia chemchemi ya maji ya moto ya Kankule. Usipande, hata hivyo, kuelekea msitu. Mbuga ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980, haiingiwi bila kibali na walinzi wake, na mpaka wake hauna ukuta wa kukuonya. Unapoona mashamba yanaisha na miti inaanza kushikana, umefika mbali ya kutosha.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu Ruzizi, kwa kuwa basi la Panzi hufika karibu na vilima vinavyoutazama. Mto huo una uzuri wa pekee: ni njia pekee ya maji ya Kivu kutoka, na huteremka takriban mita 690 kabla ya kufika Tanganyika. Lakini hapa kwetu ukingo wake ni mpaka na Rwanda, na una mitambo ya umeme. Kwa sasa naushauri utazamwe kutoka juu, mchana, ukiwa na mwenyeji, bila kamera, na bila kuteremka majini.

Barabarani, ukingoja

Ukifika barabara kuu, usisimame kwenye kona wala katikati ya mteremko, ambapo dereva hawezi kufunga breki kwa usalama. Tembea hadi penye wauzaji, maana magari husimama hapo hata bila kuitwa. Kama mko watatu au wanne, kubalini mapema kwamba mtapanda magari tofauti endapo nafasi itapatikana mojamoja, na anayebaki wa mwisho asiwe mgeni wa njia hiyo wala mtoto. Gari lililojaa kupita kiasi, lenye watu wanaoning'inia mlangoni, liache lipite ikiwa bado ni saa tisa. Ndiyo sababu ulijiwekea saa ya akiba.

Wakati unangoja, kwangua matope kwenye soli kwa kijiti, kisha futa viatu kwa jani la mgomba ulilopewa na mwenye shamba, na ufunge mfuko wa plastiki juu ya buti ikiwa bado zinachuruzika. Atakayekaa karibu nawe huenda ametoka kwenye arusi au matanga, na kitenge chake ni safi.